Futi Tano na Inchi Tatu

Kila mara Jeshi la Ulinzi la Kenya linapotangaza magazetini kwamba linataka vijana wa kuandikishwa, tangazo huwa fupi na masharti yake hayabadiliki sana. Kijana awe raia mwenye kitambulisho. Umri wake uwe kati ya miaka 18 na 26, ingawa mafundi na wenye taaluma maalum huongezewa miaka kidogo. Awe amepata alama ya D+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Asiwe na rekodi ya jinai. Kimo chake kisipungue futi tano na inchi tatu, na uzani wake usipungue kilo 54.5 akiwa mwanamume na kilo 50 akiwa mwanamke. Na akiwa mwanamke, asiwe mja mzito siku ya kuandikishwa wala wakati wa mafunzo.

Masharti ni hayo, na mtu akiyasoma huku anakunywa chai ya asubuhi huona ni mambo ya kawaida tu, kama vile mpishi kutakiwa ajue kupika. Mimi pia nilikuwa nayasoma hivyo hivyo na kufungua ukurasa wa michezo. Kilichonifanya niyatazame kwa makini ni kusimama kando ya uwanja mmoja wa mashambani, siku makuruta walipokuwa wakichaguliwa, nikaangalia kazi yenyewe tangu saa moja asubuhi mpaka jua lilipokuwa utosini.

Kwanza ni karatasi. Asiye na cheti halisi anaondoka papo hapo, na hapo mstari unapungua bila mtu yeyote kutokwa na jasho. Kisha ni ule mti wa kupimia kimo. Kijana husimama wima, visigino pamoja, kidevu juu, naye afisa hushusha kibao mpaka kwenye utosi. Wapo wanaojaribu kuinua visigino kidogo, na wapo masajini ambao wameona visigino vya kila aina na hawadanganyiki. Halafu mizani. Karibu na mizani niliwaona vijana wakila ndizi, ndizi juu ya ndizi, na kunywa maji chupa baada ya chupa, maana kilo moja ya maji tumboni ni kilo kama kilo nyingine. Baadaye hutakiwa kukimbia, na hapo yale maji hudai haki yake.

Wanaobaki hufunguliwa vinywa wahesabiwe meno, huambiwa wanyooshe vidole, wakunje magoti, waonyeshe nyayo ili ijulikane kama ni bapa. Nambari huandikwa mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Kufikia adhuhuri mamia ya watu yamekuwa makumi, na wale wengine wamekwisha kuvaa mashati yao na kutawanyika, kila mmoja na neno lake: huyu jino, huyu nusu inchi, huyu kovu la mguuni alilopata akichunga ng'ombe. Niliwauliza wachache wao kama kuna mtu aliyeandika mahali fulani ni kwa nini wamekataliwa. Wakanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. Aliyekataliwa huenda zake, basi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kwamba tunaangalia upande usiofaa wa mstari. Waliochukuliwa huenda Eldoret kwa mafunzo, hufaulu, hula kiapo, na picha zao hutoka magazetini. Lakini ukitaka kuijua serikali, iwe ya Mwingereza au yetu wenyewe, tazama wale inaowarudisha nyumbani na sababu inayowapa. Historia ya jambo hili ni ndefu na ina vituko vingi.

KIMO KINACHOPANDA NA KUSHUKA

Chukua hiyo futi tano na inchi tatu. Ndicho kimo kilichotakiwa huko Uingereza wakati Vita Kuu vya Kwanza vilipoanza, Agosti 1914. Vijana wa Uingereza walifurika katika ofisi za kuandikisha hata sare zikawa hazitoshi, wala bunduki, wala mahali pa kulala. Serikali ikafanya nini? Mwezi wa Septemba ikapandisha kimo kuwa futi tano na inchi sita. Siku moja mtu alikuwa anafaa kufa kwa ajili ya mfalme, na siku ya pili yeye yule, bila kupungua hata unywele, akawa hafai. Ilipofika Novemba, mwendo wa watu ulipopungua na majeruhi wakawa wengi, kimo kikarudishwa futi tano na inchi tatu. Na mwishoni mwa mwaka huo huo, baada ya mbunge mmoja wa Birkenhead kupiga kelele kwamba wachimba makaa wafupi wenye vifua kama mapipa wanarudishwa nyumbani, vikaundwa vikosi maalum vya watu wenye kimo cha futi tano hadi tano na inchi tatu. Vikatosha divisheni mbili nzima.

Basi ule mti wa kupimia ulikuwa ni mlango wa kuzuia umati wa watu. Umati ukizidi, mlango hufungwa, ukipungua, hufunguliwa. Hakuna ubaya katika hilo, maadamu tusiambiwe kwamba ni sayansi ya vita.

Kuna kisa kingine cha Waingereza hao hao ambacho nakipenda zaidi. Mwaka 1899, vita vya Makaburu vilipoanza kule Afrika Kusini, wanaume 11,000 wa mji wa Manchester walijitolea kwenda vitani. Ilitangazwa kwamba 8,000 kati yao walikataliwa hapo hapo: wembamba mno, wafupi mno, meno mabovu, mapafu mabovu, miguu iliyopinda. Hawa walikuwa watu wa viwanda, katika nchi iliyokuwa tajiri kuliko zote duniani. Wakubwa walishtuka, si kwa huruma, nadhani, bali kwa hofu ya kukosa askari. Hata hivyo walizisoma zile orodha. Mwaka 1904 kamati ya serikali ilitoa ripoti juu ya kudhoofika kwa miili ya wananchi, na mwaka 1906 Bunge likapitisha sheria ya kuwapa chakula watoto wa shule waliokuwa na njaa. Mwaka uliofuata ukaletwa mpango wa madaktari kuwapima watoto shuleni. Uji wa mtoto wa maskini wa Manchester ulitokana na karatasi za makuruta waliokataliwa.

KEYA

Sisi huku tuliletewa jeshi na watu hao hao, lakini hawakuja na yale mafunzo ya Manchester. Walikuja na imani nyingine, kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kwa vita na mengine yaliyozaliwa kwa jembe. Imani hiyo waliipata India, wakaja nayo Afrika Mashariki. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya tu, kiliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, vya Kenya ya leo na vya Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Maafisa wake walikuwa na orodha vichwani: Msudani ni mtu wa vita, Myao ni mtu wa vita, Mnandi ni mtu wa vita. Mkamba, katika miaka ile ya mwanzo, hakuwa juu katika orodha hiyo. Mmasai alikuwa juu kabisa.

Tazama sasa kilichotokea. Mmasai, aliyesifiwa mno, hakutaka. Mwaka 1918, vita vikiwa bado vinaendelea, serikali ilipotaka kuwachukua morani kwa nguvu, walisimama wakapigana kule Ololulunga, na askari wa Keya wakawafyatulia risasi. Naye Mkamba, aliyedharauliwa, akaja kuwa ndiye nguzo ya jeshi. Kufikia miaka ya 1950 maafisa wale wale, au warithi wao, walikuwa wakimwambia kila mgeni kwamba Mkamba ni askari wa kuzaliwa: mtiifu, mvumilivu, mchangamfu. Hakuna aliyeeleza jinsi damu ya watu ilivyobadilika katika muda wa miaka 40.

Damu haikubadilika. Zilizobadilika ni mvua na ng'ombe. Ukambani ni nchi ya ukame, ardhi yake nzuri ilikuwa imekatwa ikapewa masetla, kodi ya kibanda ilitakiwa kwa fedha, na mshahara wa Keya ulikuwa bora kuliko wa kung'oa magugu katika shamba la mkonge au la kahawa. Mwaka 1938 serikali ilipowapunguzia Wakamba wa Machakos ng'ombe wao kwa nguvu, kwa madai kwamba wanaharibu udongo, watu kwa maelfu walitembea mpaka Nairobi chini ya uongozi wa Muindi Mbingu wakitaka kumwona gavana. Muindi alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha ule mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu uliachwa. Wakuu walijua vizuri kwamba ndugu za wenye ng'ombe wale wamevaa sare za Keya na za polisi, na vita vingine vilikuwa vinanukia Ulaya.

Kwa hiyo "kabila la kivita" maana yake ilikuwa kabila ambalo vijana wake wana shida ya fedha, wanakubali kuandikishwa, na hawajaanza kuuliza maswali ya siasa. Sharti la tatu ndilo lililomfungia nje Mkikuyu. Aliruhusiwa kuwa karani, dereva au fundi, lakini hakutakiwa sana katika safu za wapiganaji, kwa kuwa alikuwa karibu mno na Nairobi, karibu mno na shule, na karibu mno na ardhi iliyochukuliwa. Vita vya pili vilipopamba moto mlango ulipanuka. Wanaume wapatao 98,000 wa Kenya walitumikia jeshi katika vita vile, na serikali yenye haja ya watu wengi kiasi hicho haiwezi kuchagua makabila kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Ndivyo Waruhiu Itote alivyofika Burma na sare ya Keya. Aliporudi, msitu wa Mlima Kenya ulimjua kwa jina la Jenerali China. Maafisa waliokuwa wakimwona Mkikuyu kuwa si mtu wa vita walipewa jibu lao, nao hawakulifurahia.

Ninapaswa pia kuwataja wale ambao hakuna afisa aliyewapima kama wanafaa kuwa askari, lakini walikufa kwa ajili ya jeshi. Katika vita vya kwanza walikusanywa maelfu kwa maelfu kubeba mizigo, na hasa mwaka 1917 machifu waliambiwa watoe watu, nao wakatoa. Hawakupewa bunduki. Walipewa ratili nyingi za risasi na unga juu ya vichwa, wakafa makumi ya maelfu kwa kuhara damu, malaria na njaa, wengi wao katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilisagwa katika vinywa vya watu likawa Kariokor huku Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Leo tunanunua vikapu na viatu pale, wala hatuwakumbuki.

Ni katika miaka hiyo baada ya vita kwamba daktari mkuu wa serikali ya Kenya, John Gilks, pamoja na mtaalamu wa chakula kutoka Uskoti, John Boyd Orr, walipima miili ya Wamasai na Wakikuyu. Ripoti yao ya mwaka 1931 ilisema kwamba mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi wa Kikikuyu kwa inchi tano za kimo na ratili 23 za uzani, nao wakataja chakula kuwa sababu kubwa: huku maziwa, nyama na damu, huku nafaka na viazi. Wasomi wa siku za karibuni wameikosoa kazi hiyo, na pengine wana haki. Lakini ilikuwa karibu sana na swali la Manchester. Ikiwa kimo ni chakula, basi anayepima kimo cha kijana anapima sufuria ya mama yake. Swali hilo liliulizwa Nairobi, likaandikwa, likawekwa kabatini.

BAADA YA UHURU

Uganda ilipata hasara ya mtindo huo wa kuchagua watu kwa misuli kuliko nchi yoyote. Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946. Alikuwa jitu la zaidi ya futi sita, hodari wa ndondi, ametoka upande wa West Nile ambao Waingereza waliuhesabu kuwa wa watu wa vita, na shule alikuwa ameigusa kidogo sana. Kwa mizani ya wakati ule alikuwa kuruta wa kupigiwa mfano. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walihitaji maafisa Waafrika kwa haraka, wakatazama safu zao wakakuta wamejaza jeshi watu waliochaguliwa kwa sababu hawakusoma. Mwaka 1961 Amin akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uafisa. Mwaka 1971 akatwaa nchi. Sisemi kwamba shule ingemfanya malaika. Wako madikteta wenye shahada. Nasema kwamba waliomchagua walipata walichokipima, na walikuwa wamepima urefu.

Tanganyika ilichukua njia nyingine. Askari walipoasi Januari 1964 wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza, Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile la urithi akaanza upya. Vijana wa TANU wakaitwa, na Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kipimo kikubwa kikawa ni uaminifu kwa nchi na kwa chama. Kuna mambo ya kuulizwa juu ya mlango wa namna hiyo, hasa ni nani anayepima uaminifu, na kwa mti gani. Lakini jeshi hilo halijaipindua serikali yake, na majirani wengi wa Tanzania hawawezi kusema hivyo.

Hapa kwetu askari wa Lanet nao waliasi siku zile zile za Januari 1964. Sisi hatukuvunja jeshi. Tulilirithi na kisha tukalirekebisha polepole, kila serikali kwa hofu zake. Wakuu wa kwanza Waafrika, Joseph Ndolo na Jackson Mulinge, walikuwa wakongwe wa Keya na Wakamba wote wawili, matunda ya ile orodha ya Mwingereza. Serikali ya Mzee Kenyatta ikaanza kuandikisha makabila yaliyokuwa yamefungiwa nje, na waliokuwa nje zamani hawakukawia kujaza nafasi. Baada ya Agosti 1, 1982, wakati vijana wa Jeshi la Wanahewa walipojaribu kupindua serikali, jeshi hilo lilivunjwa lote na likaitwa Jeshi la Wanahewa la 82 mpaka mwaka 1994. Vijana wale walikuwa miongoni mwa wenye elimu zaidi katika majeshi yetu, maana ndege haiendeshwi kwa misuli. Nimewasikia watu wazima wakisema mpaka leo kwamba kosa lilikuwa kuwachukua waliosoma mno. Hiyo ni ile ile fikira ya Keya, imevaa suti.

Lakini mwaka huo wa 1982 ulitupa pia jibu kubwa juu ya nani anafaa, nami nashangaa kwamba halisemwi mara nyingi. Tangu vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, Mkenya wa asili ya Kisomali alikuwa akitazamwa kwa jicho la pembeni. Kitambulisho chake kilihojiwa, uraia wake ulihojiwa, na aliyetaka kuvaa sare alihojiwa mara mbili. Basi ni nani aliyeongoza askari waliokikomboa kituo cha Sauti ya Kenya siku ile ya mapinduzi? Ni Jenerali Mahmoud Mohamed, wakati huo naibu wa mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, Mkenya wa asili ya Kisomali. Akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa alisimamishe upya, na mwaka 1986 akawa Mkuu wa Majeshi yote. Kama aliyesimama kwenye mlango siku Mahmoud alipokuwa kijana angefuata minong'ono ya baadaye, Rais Moi angekuwa na mtu mmoja pungufu siku aliyomhitaji.

Katiba ya 2010 imejaribu kuufunga mjadala huo. Kifungu cha 238 kinataka vyombo vya usalama viandikishe watu kwa namna inayoonyesha utofauti wa Wakenya kwa uwiano wa haki, na kifungu cha 241 kinataka uongozi wa majeshi uonyeshe sura ya makabila na maeneo yote. Ndiyo maana kuandikisha hufanywa katika kila pembe ya nchi badala ya kila mtu kuja Nairobi. Ni jambo jema.

WANAWAKE

Mwanamke Mkenya alingoja zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiliundwa kikosi cha wanawake peke yao, na humo wakawa makarani, wauguzi na waendesha simu, chini ya mpango wao wenyewe. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1999, wanawake wakaingizwa katika majeshi yenyewe bega kwa bega na wanaume. Fatuma Gaiti Ahmed aliingia mwaka 1983 katika kile kikosi cha kando. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha meja jenerali, na mwaka 2024 akapewa Jeshi zima la Wanahewa aliongoze. Hesabu mwenyewe: ni miaka 41. Katika sehemu ya kwanza ya safari hiyo hapakuwa na mlango wa kupitia; ilibidi ukuta uvunjwe kwanza.

Juu ya sharti la mimba, nina maoni yangu. Kwamba mtu asipigishwe gwaride na kutambaa chini ya seng'enge akiwa na mtoto tumboni, hilo halina ubishi. Ninalolikataa ni kwamba msichana aliyefaulu kila kipimo anarudishwa nyumbani kama aliyeshindwa, bila ya kuambiwa arudi mwakani na nafasi yake itakuwepo. Mwanamume aliyempa mimba huenda yuko kwenye mstari ule ule, na yeye hapimwi.

Na hiyo D+ je? Mashine za vita za siku hizi zina kompyuta ndani yake, na askari anayekwenda kulinda amani nchi za watu lazima ajue kusoma ramani, kuandika ripoti na kuongea na wageni. Siwezi kulilia Keya wa zamani asiyejua kuandika jina lake. Lakini yuko kijana wa Turkana au wa Mandera anayeijua nchi kavu kuliko ramani yoyote, anayeweza kutembea usiku kucha kwa chupa moja ya maji, na ambaye shule yake ilikuwa na walimu wawili katika miaka ile mizuri. Serikali haikumletea mwalimu, halafu serikali ile ile inamtaka alama. Kumpunguzia alama tu ni dawa ya siku moja, kwa sababu kesho jeshi litampandisha cheo yule aliyesoma Kiambu.

Hapo narudi kwa zile orodha za Manchester. Katika kila uwanja wetu, kila mwaka, madaktari wa jeshi wanafanya kazi ambayo wizara ingelipa fedha nyingi kuifanya: wanawapima maelfu ya vijana wa umri mmoja, kutoka kila tarafa ya nchi, siku chache tu, kwa kipimo kimoja. Wanajua ni wapi meno yameoza kabla ya miaka 20. Wanajua ni wapi vijana hawafikishi kilo 54 ingawa vimo vyao ni virefu. Wanajua ni tarafa gani ambayo mstari hupungua kwenye meza ya vyeti, na ni ipi ambayo hupungua kwenye mizani. Wale vijana wa ndizi na maji walikuwa wakitwambia jambo fulani juu ya nyumba walizotoka, na sajini aliwaambia wavae mashati yao.

Kwa kusema kweli, kimo na kilo ningevitoa kabisa nikiwa na uwezo, nibakishe moyo, macho, mapafu na mwendo wa kilomita nyingi mzigo mgongoni, maana hiyo ndiyo kazi. Sidhani kama nitasikilizwa, kwa kuwa mti wa kupimia ni rahisi na hauna hongo nyingi kama ulimi, na afisa mwenye watu 900 mbele yake na nafasi kumi mkononi anahitaji kitu cha kukata mstari kabla ya jua kuwaka. Hayo nayaelewa. Basi na abaki na mti wake. Lakini amweke kando yake karani mmoja mwenye daftari, aandike kila anayeondoka: umri, tarafa, na sababu. Mwisho wa wiki madaftari yafungwe pamoja na nakala zipelekwe mahali pawili, Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu. Gharama yake ni kalamu na karatasi, na askari wa kuandika tunao. Wote wana D+.